Kaskazini mwa Kenya na swali la nani ni Mkenya

Chalbi

Wakuu, amani iwe nanyi.

Nyuzi za utaifa wa Kenya humu jukwaani huzunguka mambo yale yale: makabila makubwa, ardhi ya Bonde la Ufa, vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007. Kaskazini hutajwa ukame unapouma au wezi wa mifugo wanapovamia, halafu mjadala unarudi Nairobi. Mimi nimezaliwa Marsabit na sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimeishi Nairobi. Naamini serikali zote zilizotawala nchi hii, ya mkoloni na zetu wenyewe, zililijibu swali la nani ni Mkenya kule kaskazini kwanza, kwa sheria na kwa bunduki. Wenzetu wa kusini walirithi jibu bila kuulizwa swali.

Anzeni na ramani. Turkana na Marsabit, kila moja inakaribia kilomita za mraba 70,000. Rwanda inaingia mara mbili katika kaunti moja na nafasi inabaki. Ongeza Wajir, Garissa, Mandera, Isiolo na Samburu, umeshapita nusu ya nchi. Yaani tunaposema kaskazini ni pembezoni, tunasema zaidi ya nusu ya Kenya iko pembezoni mwa Kenya.

Hali hiyo ilitengenezwa. Mwaka 1902 Waingereza walitunga sheria iliyowaruhusu kuzifunga wilaya za mbali, mtu asiingie bila kibali. Mwaka 1926 eneo lote la Northern Frontier District, NFD kama wazee wanavyoliita hadi leo, likatangazwa kuwa limefungwa. Mwaka 1934 ikaja sheria nyingine iliyowapa watawala mamlaka ya kukamata watu wa kabila zima na kuchukua mifugo yao wakishaamua tu kwamba kabila hilo lina uhasama. Mtu wa Isiolo aliyetaka kwenda Nairobi alihitaji pasi. Mkoloni hakuwa na nia ya kujenga kitu kule. Alitaka nchi tupu, pana, ikae kati ya mashamba ya walowezi na Ethiopia, na baadaye kati yake na Waitaliano.

Kisha akaigeuza jela. Harry Thuku, mwanasiasa aliyempinga mkoloni, alipokamatwa Machi 1922, watu wakapigwa risasi Nairobi wakidai aachiliwe, yeye akapelekwa Kismayu, na miaka ya mwisho ya kufukuzwa kwake aliimalizia Marsabit, kwetu. Jomo Kenyatta na wenzake walipohukumiwa Kapenguria mwaka 1953 walipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana. Waruhiu Itote, Jenerali China wa Mau Mau, alifungwa huko huko pamoja nao. Mwaka 1959 Kenyatta alimaliza kifungo akahamishiwa Lodwar, akawekewa mipaka. Machi 1961 viongozi wa vyama vya KANU na KADU walimfuata Lodwar kuzungumza naye kuhusu serikali ijayo. Fikirieni hilo: mashauri ya kuizaa Kenya huru yalifanyika Lodwar, kwenye joto lile, mahali ambapo Mturkana mwenyewe hakuruhusiwa kutoka bila kibali. Baba wa taifa alikaa Turkana karibu miaka minane.

Halafu someni waraka wa serikali namba 10 wa mwaka 1965, ule wa ujamaa wa Kiafrika. Unasema fedha za maendeleo zipelekwe pale zitakapozalisha zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, na penye watu walio tayari kupokea maendeleo. Barabara na umeme havikuwepo kaskazini kwa sababu eneo lilifungwa kwa sheria zaidi ya miaka 30. Sasa kutokuwepo kwake kukawa sababu ya kutopeleka. Na hilo la watu walio tayari, sijui nani alitupima.

Mnaofanya kazi katikati ya Nairobi mnapita Wabera Street, kutoka Kenyatta Avenue kushuka hadi City Hall Way. Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mgabra wa Marsabit, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupewa cheo hicho. Juni 1963, ikiwa imebaki miezi michache Kenya ifike Uhuru, alikuwa njiani akiwashawishi wafugaji wasijitenge kwenda Somalia, akauawa kwa risasi pamoja na chifu mkuu wa Waborana, Haji Galma Dido. Wale wawili walikufa wakiitetea nchi ambayo haikuwa imezaliwa bado. Watoto wetu wanafundishwa majina ya wengi waliokufa kwa ajili ya Kenya, na hawa wawili hawamo.

Karibuni. Anayepinga apinge, lakini tuheshimiane.

MtwaraKuchele

Mkuu Chalbi, uzi mzito huu. Sisi Tanzania tukisikia Arusha na 1967 tunawaza Azimio la Februari. Lakini Oktoba mwaka huo huo, Arusha hiyo hiyo, ndipo Kenya na Somalia zilipokubaliana kumaliza vita vya mashifta, yaani uasi wa waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, Rais Kaunda akiwa mpatanishi, baada ya kuanza kusogeleana Kinshasa mwezi Septemba kwenye mkutano wa OAU, umoja wa nchi za Afrika. Nauliza kwa nia njema: wananchi wenyewe walitaka nini? Kuna wanaosema uasi ule ulipandwa na Mogadishu tu.

Chalbi

Ndugu wa Mtwara, ahsante kwa swali. Mwishoni mwa 1962 Waingereza walituma tume ya watu wawili, Mnigeria na Mkanada, wakazunguka NFD nzima wakisikiliza mabaraza. Ripoti yao ilisema wazi: wakazi walio wengi wanataka kujiunga na Somalia. Wengine, hasa wasio Waislamu wa pande za Marsabit na Moyale, walitaka kubaki Kenya. London ikaisoma ripoti ikaiweka kando. Machi 1963 Somalia ikavunja uhusiano na Uingereza, na Mei Wasomali wengi wakasusia uchaguzi. Mogadishu ilitoa silaha na matangazo ya redio, sikatai. Ila mtu aliyefungiwa umri wake wote, kisha akaitwa barazani atoe maoni, kisha maoni yake yakatupwa, huyo hahitaji redio ya jirani kukasirika.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Desemba 1963, Uhuru haujatimiza mwezi, hali ya hatari ikatangazwa. Watu wakakusanywa kwenye vijiji vya lazima. Sasa jueni ngamia anavyoishi: anatembea mwendo mrefu kati ya malisho na kisima, na mwenye ngamia anatembea naye. Ukimzuia mfugaji mahali pamoja umeua kundi bila kupiga risasi hata moja. Familia za Isiolo zilizokuwa na mifugo ya kujaza bonde zikaishia kuomba. Vita vikaisha 1967, lakini Mkoa wa Kaskazini Mashariki ukaendelea kutawaliwa kwa sheria za hatari hadi mwanzoni mwa miaka ya 90. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa na askari wasishtakiwe kwa waliyoyatenda huko kati ya Desemba 25, 1963 na Desemba 1, 1967.

Halafu Februari 1984, Wagalla. Wanaume wa ukoo wa Kisomali wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege nje ya mji wa Wajir, wakavuliwa nguo, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Wenyeji waliozika wanajua ni zaidi ya hapo mara nyingi, na tume ya ukweli, haki na maridhiano ilipotoa ripoti yake 2013 haikukubali hesabu ile ya serikali.

UtingoMstaafu

Chalbi kaka yangu, umenikumbusha mbali. Mimi ni mtu wa Meru, nilikuwa utingo kisha dereva kwenye malori ya Isiolo na Moyale kabla ya lami. Vijana wa mabasi ya usiku hawawezi kuamini.

Tulikuwa tunapakia unga, sukari na miraa kwenda, tunarudi na ng'ombe na mbuzi. Abiria wanakaa juu ya vyuma, wanyama chini ya miguu yao. Mama mwenye mtoto mchanga anafungwa kwa kamba ya turubai asianguke akisinzia. Isiolo mnasubiri mpaka malori yawe mengi, mnapewa askari, mnaondoka kwa msafara. Archer's Post, Merille, Laisamis, mnapanda mlima Marsabit kuna baridi na ukungu, mnashuka Dida Galgalu, mawe meusi mpaka macho yanaishia. Ikitoka pancha pale, jeki inazama kwenye vumbi, mnatafuta mawe ya kuiwekea. Mvua ikinyesha Turbi hamtoki, mnakula unga wa mwenye mzigo mtalipana mbele ya safari.

Na nilichojifunza ni hiki. Mahali pa mwisho kuona bendera ya Kenya ilikuwa kizuizi cha polisi pale Isiolo. Mbele ya hapo Kenya ilikuwa ni sisi wa malori. Sukari ikifika, Kenya imefika. Mwalimu akiletwa na lori, Kenya imefika. Watu walinipokea kama mgeni wa serikali na mimi sikuwa na cheo chochote, nilikuwa na spana tu mfukoni. Wazee waliniuliza habari za Bunge kwa undani kuliko mtu yeyote wa Meru aliyewahi kuniuliza. Walikuwa wanaifuata nchi yao kwa redio za betri, jioni, wakiwa wamezunguka.

Lami ilipokamilika mpaka Moyale miaka kumi hivi iliyopita, mambo yaligeuka haraka. Leo mtu analala Marsabit, usiku unaofuata yuko Nairobi. Maziwa ya ngamia yanatoka Isiolo kwenye mitungi ya njano juu ya basi, asubuhi yako Isli, mtaa wa Eastleigh Nairobi, yananuka ule moshi wa mti wanaofukizia chombo, na Wakikuyu na Waluo wanayanunua. Nyirinyiri, ile nyama kavu ya kukaangwa, inauzwa Nairobi. Mimi naona lami ile imefanya kazi ya utaifa kuliko hotuba zote za Siku ya Madaraka.

BintiWajir

Salaam aleikum nyote. Mzee Utingo, Mungu akupe umri.

Mimi nitaongea juu ya kitambulisho, kwa sababu hapo ndipo Ukenya wangu ulipopimwa. Kijana wa Nyeri akitimiza miaka 18 anaenda na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, anapigwa picha, anangoja. Mimi nilipigwa msasa. Ni kamati: maafisa upande mmoja, wazee upande mwingine, wewe umesimama katikati. Ukoo wako? Ukoo mdogo ndani ya ukoo? Babu yako alinywesha kisima gani? Chifu wake alikuwa nani? Babu alifariki kabla sijazaliwa. Nilikariri majibu usiku kucha na mama kama ninayejiandaa kwa mtihani wa taifa. Afisa mmoja akaniuliza wimbo wa taifa, nikauimba beti zote tatu, akaniambia nirudi wiki nyingine kwa sababu mzee mmoja wa kamati hakuwepo. Nilirudi mara nyingi. Nafasi ya chuo karibu inipite.

Na mimi nilipata. Kuna wenzangu ambao wazazi wao, ukame ulipowamaliza, walijiandikisha Dadaab ili wapate posho ya chakula. Kambi ile ilifunguliwa 1991, na Mkenya mwenye njaa alikuwa jirani wa mkimbizi mwenye njaa, tofauti ni kwamba mkimbizi alipewa unga. Alama za vidole vya watoto zikabaki kwenye orodha ya wakimbizi. Walipofika miaka 18 kompyuta ikasema si Wakenya. Hawa ni makumi ya maelfu. Huwezi kufungua laini ya simu, huwezi kuajiriwa, huwezi kuingia jengo la serikali. Kosa lao ni kwamba waliwahi kulishwa.

Wanahabari wanapenda kuandika kwamba watu wa kaskazini wakisafiri kwenda Nairobi wanasema wanaenda Kenya. Ni kweli bibi zetu walisema hivyo, na walikuwa wanataja tu mahali palipokuwa na hospitali. Msitumie maneno yao kama ushahidi kwamba hatuipendi nchi.

Kasarani77

Dada BintiWajir, pole, na nasema kwa dhati. Lakini naomba upande wa pili usikike. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, watoto wa watu waliotoka kila kona ya nchi. Mimi nilikuwa na jirani aliyempoteza mtoto pale. Mpaka na Somalia ni mrefu na al-Shabaab wanavuka. Serikali isipokagua vitambulisho, mtasema imelala. Ikikagua, mnasema imewabagua. Ifanye nini?

Na tena, utaifa wa Kenya kuuweka wote kaskazini naona mmezidisha. Kenya ina Pwani, ina Nyanza, ina Mlima. Kila eneo lina kidonda chake.

MwalimuWaBara

Kasarani77, ndugu yangu, nakujibu mimi kwa sababu nilifundisha Kaunti ya Mandera na natoka Kakamega.

Novemba 2014 basi lilisimamishwa likitoka Mandera, abiria 28 wasio Waislamu wakatengwa wakauawa. Walimu walikuwa miongoni mwao. Wengi wetu wa bara tukaondoka, shule zikabaki na walimu wawili kwa mamia ya watoto. Sitamlaumu aliyeondoka.

Lakini Desemba 2015, karibu na El Wak, basi lingine likasimamishwa na watu wale wale. Safari hii wanawake Waislamu waliwavisha wenzao Wakristo hijabu haraka haraka ndani ya basi, na abiria waliposhushwa na kuambiwa wajitenge walikataa. Wakasema tuueni sote au mtuache. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu wa huko huko, alipigwa risasi pale, akafariki hospitalini Nairobi Januari iliyofuata. Taifa lilimtunuku nishani baada ya kifo.

Wewe unauliza serikali ifanye nini. Mimi najiuliza nani alilinda Wakenya siku ile. Kwenye barabara ya El Wak hapakuwa na askari wa kutosha. Palikuwa na abiria waliofanya uamuzi kwa sekunde chache kwamba aliyekaa kiti cha pembeni ni mwenzao. Katiba inaeleza uraia kwa kurasa nyingi na sijaona mahali ulipoelezwa vizuri kuliko ndani ya basi lile.

Chalbi

Mwalimu, ahsante. Nyongeza fupi kwa Kasarani77, kwa heshima.

Agosti 1, 1982 wanajeshi wa anga walipojaribu kuipindua serikali, aliyeongoza askari watiifu kuikomboa redio ya taifa, Sauti ya Kenya, alikuwa Mahamoud Mohamed, Msomali wa Garissa. Baadaye, kuanzia 1986, akawa mkuu wa majeshi yote. Na Novemba 1989, akiwa bado kwenye cheo hicho, serikali ikaagiza Wasomali wote wa Kenya wapigwe msasa upya na wapewe kadi ya waridi kuthibitisha uraia. Mkuu wa majeshi anatoka jamii inayotakiwa kuthibitisha kwamba si wageni. Hapo hoja ya usalama inaniishia. Kagua mtu mmoja mmoja kwa habari za kijasusi, nitakusaidia kushika tochi. Kukagua kabila ni kuendeleza sheria ile ya 1934.

Na sisemi Pwani au Nyanza hazina vidonda. Nasema njia za kuwashughulikia wananchi, yaani kufunga eneo, kuadhibu jamii nzima, kumkinga askari na mahakama, zilianza kujaribiwa kaskazini. Zilipohamia kwingine zilikuwa zimeshazoeleka.

Msafiri_Edmonton

Habari za huko. Nimeishi Kanada muda mrefu na nasoma uzi huu nikifananisha. Hawa wamefanya kinyume na Kenya. Kaskazini yao wanaiimba. Imo kwenye wimbo wao wa taifa wa Kiingereza, imo kwenye sarafu, kwenye matangazo ya nguo za baridi. Ukimuuliza Mkanada wa Toronto yeye ni nani, atakutajia theluji na ziwa na upana wa nchi. Ilhali wengi wao wanaishi karibu na mpaka wa Marekani na hawajawahi kukanyaga Aktiki.

Lakini kuimbwa hakukuwasaidia wenyeji. Mwaka 1953 na tena 1955 serikali ilizihamisha familia za Wainuit kutoka Inukjuak, Quebec, ikazipeleka Resolute na Grise Fiord, karibu kilomita elfu mbili kaskazini, mahali ambapo jua halichomozi kwa miezi wakati wa baridi. Waliahidiwa mawindo tele na kwamba wakitaka watarudishwa. Hawakurudishwa kama walivyoahidiwa. Nchi ilitaka kuonyesha dunia kwamba visiwa vile vina Wakanada. Serikali iliomba radhi rasmi 2010. Nunavut ilipoanzishwa Aprili 1, 1999, Wainuit wakapata eneo lao la utawala, na hapo ndipo sauti yao ilianza kusikika kama ya wenye nyumba.

Kwa hiyo Chalbi, usiombe kaskazini yenu iimbwe. Ombeni madaraka na bajeti.

Loiyangalani_Mkazi

Huyu wa Edmonton amesema jambo. Sisi tunaimbwa tayari, kwa namna yetu. Mifupa ya yule kijana wa miaka milioni moja na nusu aliyeonwa na Kamoya Kimeu kule Nariokotome mwaka 1984 iko Nairobi, na kila mgeni anaambiwa Kenya ni chimbuko la binadamu. Ni kweli, na chimbuko hilo ni Turkana. Shanga za mama zetu ziko kwenye kila kipeperushi cha utalii. Hata ziwa, mgeni kutoka Ulaya aliliita Rudolf kwa jina la mwana wa mfalme wa Austria, na mwaka 1975 Kenyatta akalipa jina la Turkana. Hilo nampongeza.

Ila njoo usiku utazame. Kuna mitambo 365 ya upepo, megawati 310, mradi mkubwa kabisa wa upepo nchini. Taa nyekundu zinawaka juu ya mitambo, mstari baada ya mstari. Nyaya zinapita juu ya manyatta kwenda Suswa, kilomita zaidi ya 400, umeme unaenda kuwasha Nairobi. Chini ya nyaya mama anawasha moto kwa kuni za mkwamba. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile zilitolewa bila kufuata sheria, kwamba wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Upepo wetu ni wa taifa, nakubali. Basi na waya mmoja ushuke kijijini.

UtingoMstaafu

Wadogo zangu, na mimi niseme neno la mtu mzima. Madaraka na bajeti mmepata. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na tangu 2013 Turkana na Mandera ziko kwenye zile zinazopata mgao mkubwa. Imo pia Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka kwa miaka 20, ingawa pesa zake zimechelewa vibaya kufika chini. Nimeona hospitali, nimeona watoto wa wafugaji wakiwa madaktari kwao. Lakini nimeona pia magavana wanaojenga nyumba Nairobi na kisima cha kijiji kimekauka. Na Turkana na Pokot bado wanauana kwa ng'ombe. Julai 2005 pale Turbi niliyoitaja, watoto wa shule waliuawa asubuhi, Wagabra, na waliowaua ni watu wa kaskazini hiyo hiyo. Msiwaachie Nairobi lawama zote. Mtu akipigania kuwa Mkenya kamili, jirani yake wa ukoo mwingine naye ni Mkenya kamili.

MtwaraKuchele

Mzee Utingo, hiyo ni busara. BintiWajir, tulisikia Februari 2025 Rais Ruto alitia saini Wajir kuondoa ile kamati ya msasa. Imebadilisha kitu?

BintiWajir

Imebadilisha, na sitaki kuibeza. Mdogo wangu alikwenda na karatasi zile zile anazokwenda nazo kijana wa Nyeri. Hakuulizwa kisima. Mama alilia ofisini mpaka karani akamletea kiti. Wapo waliolalamika huko chini kwamba sasa Wasomalia watajazana, na nimewasoma, na nawaambia: sheria inataka ushahidi kwa kila mtu, nasi tunautoa. Tulichokataa ni mtihani wa ziada.

Bado kuna daraja la Tana pale Garissa. Basi linasimama, abiria wote mnashuka na mizigo ya mikononi, mnavuka kwa miguu mmeinua vitambulisho, bibi wa miaka 80 naye amekiinua. Basi la Mombasa au Kisumu halisimamishwi hivyo. Kasarani77, uliuliza serikali ifanye nini. Ianzie hapo darajani: ishushe anayeshukiwa kwa sababu inayoweza kuandikwa kwenye karatasi, wengine wabaki kwenye viti vyao. Na kuhusu wale wa alama za vidole za Dadaab, orodha ipo, majina yapo, kazi ya kuyatenganisha haihitaji mvua wala lami. Nina binamu wawili kwenye orodha hiyo. Mmoja amefaulu vizuri kidato cha nne na anauza kadi za simu ambazo kisheria yeye mwenyewe hawezi kusajili.

Kasarani77

Nimesoma yote, dada. La daraja nakubaliana nawe. Kuhusu binamu zako, kama wana vyeti vya kuzaliwa na barua za shule, kuna mawakili wa kujitolea Nairobi wanaoshughulikia kesi za aina hiyo. Sitaweka majina hapa, nitakutumia ujumbe wa faragha leo jioni.